Mtoto wa Dar, baba Mhaya, mama Mluguru: akiulizwa kwao wapi ajibu nini?

#1 Mama Wawili Tabata
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanisumbua, nalileta kwenu mlijadili bila matusi.

Naamini watoto waliozaliwa na kukulia Dar, kwao ni Dar. Sisi wazazi tunawababaisha tunapowaambia kwao ni kijiji ambacho wakienda wanapokelewa kama wageni.

Mimi Mluguru wa Matombo, baba watoto Mhaya wa Muleba. Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye anayesikilizwa, na shamba la mlimani linapitia upande wa wanawake. Uhayani ni kinyume chake: mtoto ni wa baba, na kibanja chenye migomba na makaburi ya wazee anarithi wa kiume. Kwa hesabu za mila, binti yangu anahesabiwa Matombo, na mdogo wake wa kiume anagombewa na pande zote mbili. Watoto hao hao wamelala chumba kimoja Tabata tangu wazaliwe. Tukienda Muleba bibi yao anawasemesha Kihaya, wao wanajibu Kiswahili, halafu wote watatu wananiangalia mimi niwasaidie, na mimi Kihaya chenyewe nimeishia kwenye salamu.

Sasa shuleni wameambiwa waandike kuhusu mila za kabila lao. Waandike nini? Na swali la pili, ambalo ndilo kubwa kwangu: ilikuwaje nchi yenye makabila zaidi ya 120 ikafika mahali ndoa kama yangu haishtui mtu, wakati nchi nyingine mambo hayo yanamwaga damu?

#2 Jangwani Damu
Kwao Tabata. Mimi mama Mgogo, baba Mndengereko, nimezaliwa Mwananyamala, na nikiulizwa nasema Mwananyamala. Anayetaka zaidi ya hapo aniambie anataka kunipangia nini.

#3 Mstaafu wa Mbezi
Mama Wawili, pole na majukumu. Nijibu swali lako la pili, la kwanza nawaachia vijana.

Hali hii haikuja yenyewe, ilitengenezwa. Machifu walifutwa kisheria 1963, kwa hiyo hakukuwa tena na mkubwa wa kabila wa kukuita "mtu wangu". Shule za misheni zilitaifishwa mwishoni mwa miaka ya 60, na wanafunzi wa sekondari wakawa wanapangwa popote. Mimi Mnyakyusa wa Rungwe nilipelekwa bweni Tabora. Kitanda cha juu yangu alilala Mkurya, pembeni Mmakonde, mkabala Mwarusha. Tulikula bakuli moja, tukaugua malaria pamoja. Ukipiga lugha ya kwenu bwenini, wenzako wanakutenga wenyewe kabla hata mwalimu hajasikia.

Kisha JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, iliyoanzishwa baada ya Azimio la Arusha. Mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima wote kuruta, wote wananyolewa, wote wanalima na kupiga kwata. Baada ya hapo serikali ikanipangia kazi Lindi, ambako sikuwa na shangazi wala binamu. Nikaoa Mmwera. Wenzangu wengi waliopangiwa mbali na kwao waliishia hivyo hivyo. Nchi ilituchanganya kwa makusudi, na ndoa zikafuata.

#4 Msoma Majalada
Shikamoo mzee. Marekebisho madogo: JKT ilianzishwa Julai 1963, Azimio la Arusha ni Februari 1967. Wahitimu walilazimishwa kwenda katikati hapo, na mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuupinga mpango huo, Nyerere akawarudisha makwao mamia.

La pili ni kubwa zaidi. Naona tunampa Mwalimu sifa ya kupanda, wakati mimi naona alivuna. Kiswahili kilifika Tabora na Ujiji kwa misafara ya Bagamoyo, kwenye midomo ya wapagazi wa Kinyamwezi, karne nzima kabla ya uhuru. Mjerumani alikikuta, akakitumia kwa maakida, yaani watawala wake wadogo, na shuleni. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, viliunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine wengi ambao hawakuwa na chifu mmoja. Mwingereza naye akachagua lugha ya Unguja kuwa ya vitabu, na 1930 akaunda kamati ya kuisanifisha. TANU ilipozaliwa hapa Dar tarehe 7 Julai 1954, mhutubu aliweza kwenda Mwanza, Songea au Tanga bila mkalimani, maeneo mengi. Ni viongozi wachache wa Afrika waliokuwa na mtaji huo.

Nyerere alikuwa hodari, sikatai. Ila mpe lugha kumi zinazogombana, uone angefika wapi.

#5 Ngosha wa Ubungo
Wote wawili mmeacha hesabu. Kabila kubwa kuliko yote nchini ni sisi Wasukuma, na bado hatufiki hata robo ya watu. Tuko kule Ziwa, mbali na bandari na mbali na Ikulu. Makabila yaliyowahi kusoma kwa sababu ya misheni na kahawa, yaani Wachagga, Wahaya na Wanyakyusa, yamekaa pembe tatu tofauti za nchi, hakuna hata moja linalopakana na jingine. Na mji mkuu wa zamani uko kwa Wazaramo, ambao hawakuwa na jeshi wala ufalme wa kutisha mtu.

Nchi ambayo makabila mawili au matatu yanaweza kugawana kura zote na wengine wakabaki wasindikizaji, ugomvi unaanza kwenye sanduku la kura. Hapa hata ukusanye Wasukuma wote hupati urais. Lazima ubembeleze wengine. Rais wa kwanza Mzanaki wa Butiama, kabila ambalo watu wengi wa Kusini walikuwa hawajawahi kulisikia. Mkapa katoka Masasi, Kikwete Mkwere wa Msoga. Hilo tu linatosha kueleza.

#6 Mwana wa Buza
Ngosha, "Wazaramo hawakuwa na ufalme wa kutisha mtu". Umeandika kama sifa, lakini ngoja nikwambie upande wa pili.

Mimi Mzaramo, babu yangu alikuwa na minazi na mikorosho Buza kabla hamjajua Buza iko wapi. Kila mnapojadili Dar ni ya wote, mnaongea kama watu waliokuta pori. Mji huu ulikuwa Mzizima, kijiji cha watu, kabla Sultani Majidi hajaanza kujenga hapa miaka ya 1860. Babu aliuza kipande cha kwanza ili binti yake achezwe unyago, cha pili kwa ajili ya matibabu, cha tatu mjumbe akaja na mnunuzi na karatasi. Leo nimepanga chumba kwenye kiwanja ambacho ulikuwa mnazi wa babu, mwenye nyumba anatoka Kilimanjaro. Simchukii, ananiheshimu na kodi ananivumilia. Lakini mkisema Dar haina kabila, nani aliwaambia? Zamani mdundiko, ngoma yetu, ulikuwa ukipita mtaani watu wanaacha kazi wanaufuata. Sasa ukipita watu wanafunga milango ya maduka.

Mama Wawili, watoto wako kwao ni Dar, nakubali na nawakaribisha. Wafundishe tu kwamba kuna waliowatangulia.

#7 Ngosha wa Ubungo
Mwana wa Buza, mtani wangu, hapo kwenye ardhi umenigusa na sina la kubishana. Ila minazi mliuza wenyewe mkiwa mmelala chini ya kivuli chake.

#8 Mwana wa Buza
Mtani, nyie mlifika hapa na mizigo ya watu kichwani, sisi tukawapa maji. Deni hilo hamjalipa mpaka leo. Siku ukifa nakuja kulala kaburini kwako, sitoki mpaka ndugu zako watoe hela.

#9 Binti Mngoni
Hawa wawili hapo juu ndio jibu lenyewe na hawajui! Hakuna aliyetaja utani wa makabila. Kwetu Songea, Wangoni na Wahehe walipigana vita vya kweli karne ya 19, watu wakauana. Leo Mhehe akija msibani kwetu anabeba sufuria la pilau anaondoka nalo, na mtu akikasirika yeye ndiye anayeonekana hana adabu. Baba yangu alipofariki, mtani mmoja alivaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, akakohoa kama marehemu alivyokuwa akikohoa, akaanza kudai chai ya asubuhi. Mama alikuwa hajala siku mbili. Alicheka mpaka akalia upya, kisha akaomba uji.

Serikali haikuanzisha jambo hilo, wala halikutungiwa sheria. Wazee walikuta wamemwagiana damu, wakatafuta namna ya kuishi bila kulipiza kisasi. Wasukuma na Wanyamwezi na watu wa Pwani ni hivyo hivyo, utani wao ni wa njia ya misafara. Wachagga na Wapare nao wanajuana.

#10 Msoma Majalada
Binti Mngoni, nakubali ni hoja nzito. Swali langu: utani upo pia Zambia na Malawi, na Afrika Magharibi upo kwa wingi. Mbona baadhi ya nchi hizo zimepigana wenyewe kwa wenyewe na utani wao mkononi?

#11 Binti Mngoni
Sikusema unatosha peke yake. Nimesema mmeusahau. Na wewe lugha yako moja mbona Somalia wanayo moja, na kilichowapata tunakijua?

#12 Mangi wa Kimara
Nimesoma kwa utulivu. Mama Wawili, kwa heshima, siungi mkono.

Sisi Wachagga mnatucheka kila Desemba. Mabasi yamejaa, nauli imepanda, Dar inabaki na barabara tupu, mnasema "wameenda kuhesabiwa". Lakini mtoto wangu aliyezaliwa Kimara anajua kihamba, shamba la ukoo, cha babu yake kilipo, anajua mfereji wa maji unapita wapi, anajua kaburi la babu wa babu. Anajua kukaa foleni kungoja kipande chake cha nyama kulingana na nafasi yake katika ukoo. Hayo hayamfanyi achukie Mzaramo. Yanamfanya awe na mahali pa kurudi Dar ikimshinda, na Dar inaweza kumshinda mtu yeyote.

Ajira ikiisha, kodi ikashindikana, utasema kwenu Tabata kwa nani? Mwenye nyumba hatambui ukoo.

#13 Mama Wawili Tabata
Mangi, asante, hilo la kurudi nalifikiria sana. Lakini angalia binti yangu. Akirudi Muleba, kibanja si chake. Akirudi Matombo, wanamtambua lakini hata njia ya kuteremka mtoni haijui. Mila unazozisifu zimekutunzia wewe mtoto wa kiume. Naomba unijibu, binti yako wewe amegawiwa nini kwenye kihamba?

#14 Mangi wa Kimara
Kwa mila hakupewa. Nimemnunulia kiwanja Kibaha kwa jina lake.

#15 Mama Wawili Tabata
Kibaha, si Moshi. Basi tunazungumza jambo moja.

#16 Mchambuzi wa Sinza
Wakuu, kingine kilichosaidia: serikali yetu tangu uhuru haijawahi kuuliza kabila kwenye sensa. Huwezi kugombania keki kwa idadi ambayo hakuna anayeijua.

#17 Msoma Majalada
Hapana, sensa ya 1967 iliuliza kabila. Hiyo ndiyo ya mwisho. Tangu 1978 hadi ya 2022, iliyotuhesabu 61,741,120, swali hilo halipo. Hoja yako inasimama, tarehe ndiyo haisimami. Na ukienda kuandikisha maelezo kituo cha polisi, bado utaulizwa kabila na dini. Kwa hiyo si kweli kwamba dola imeacha kabisa kuuliza.

#18 Binti wa Upanga
Habari zenu. Huwa nasoma tu, leo naandika.

Mnajadili kama mtoto wa Mhaya na Mluguru ni wa Dar. Mimi baba wa babu yangu alikuja kutoka Gujarat wakati wa Mjerumani. Nimezaliwa Upanga, mama amezaliwa Upanga. Nimesoma shule ya msingi ya serikali, nimeimba wimbo wa taifa kila asubuhi, nimefagia uwanja na fagio la chelewa kama nyie. Nikiwa sokoni Kisutu natafuta bamia, muuzaji ananisifu "Kiswahili unakijua, umejifunzia wapi?" Hana nia mbaya, namjibu kwa upole. Lakini nikisema Upanga anacheka, anarudia, "hapana, kwenu hasa?"

Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yalipotaifishwa, familia nyingi za mtaani kwetu zilihamia Kanada na Uingereza. Babu alibaki. Aliwaambia wanawe kwamba aliyeondoka hajakosea, lakini yeye amezika mke hapa. Mimi nalishika neno hilo. Basi mkiamua kwenu ni alikozikwa mzee wako, kwangu ni Dar. Mkiamua ni ulikozaliwa, ni Dar. Mkiamua ni lugha unayoota nayo, mimi naota Kiswahili. Ni kipimo gani ambacho mimi sijakifikia na Mangi amekifikia?

#19 Mangi wa Kimara
Dada, hakuna. Umefikia vyote. Umenizidi hata mimi, kwa sababu mimi nitazikwa Machame.

#20 Chumbe
Asalaam aleikum. Naona hapa nchi inazungumzwa kuanzia Pemba Mnazi ya Kigamboni kwenda Kigoma, kisiwa hakionekani. Muungano wa 26 Aprili 1964 uliunganisha nchi mbili, na ile ya pili ilikuwa na habari zake tofauti. Sisi hatukuwa na machifu wa kufuta, tulikuwa na Sultani na Mapinduzi ya Januari 1964. Ugomvi wetu wa kale ulikuwa wa Mwarabu, Mshirazi na mtu wa bara, na vyama. Hizo hesabu za Wasukuma na Wachagga hazituhusu.

Nina duka Kariakoo, ninaishi Ilala. Huku naitwa Mpemba na mimi ni wa Makunduchi, Unguja. Nina kitambulisho cha NIDA, na kule kwetu lazima niwe na cha Mzanzibari mkaazi, vinginevyo ni mgeni nyumbani. Nikiwa Dar natetea Zanzibar, nikiwa Unguja natetea bara, na pande zote mbili wananiambia nimeharibika. Watoto wangu wanasema ni watu wa Ilala. Mwanzo nilikasirika. Sasa naona wamepumzika kuliko mimi.

#21 Jangwani Damu
Chumbe watoto wako washabiki wa timu gani? Maana hapa mjini kabila ni mawili tu, Jangwani na Msimbazi. Yanga 1936 ilipoanza hakuna aliyeulizwa kwao.

#22 Kigogo Mnyama
Yanga 1935, ndugu yangu. Simba ndiyo 1936, wakati huo ikiwa na jina lingine. Hata mwaka wenu wa kuzaliwa tuwakumbushe sisi? Ila hapo kwenye hoja uko sahihi: jukwaani nimekumbatiana na watu nisiowajua majina, mmoja machozi yake yamebaki kwenye jezi yangu. Hakuna aliyeniuliza kabila.

#23 Mwana Kasulu
Nisameheni nikiwaharibia furaha.

Mimi Muha wa Kasulu, fundi seremala, niko Manzese tangu ujana. Mnasema hapa hakuna anayeuliza kabila. Mimi naulizwa. Nilipokwenda ofisi moja kufuatilia kitambulisho cha taifa, waliokuwa mbele yangu, Mzigua na Mrangi, walitoa cheti cha kuzaliwa na barua ya mtaa wakapita. Mimi niliposema Kasulu, yule bwana akaweka kalamu chini. Akataka nimweleze babu mzaa baba alizaliwa wapi, bibi mzaa mama alizaliwa wapi, mto upi uko karibu na kwetu, mtendaji wa kata wa miaka hiyo alikuwa nani. Nikajibu vyote. Akaniambia Kiswahili changu kina lafudhi ya Burundi. Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia wakimbizi wa mwaka 1972 kutoka Burundi zaidi ya 160,000, jambo jema kabisa, nalisifu. Lakini mimi sijawahi kuwa mkimbizi. Baba yangu aliitwa mgambo vita vya Kagera, akarudi mguu una kovu. Leo mwanawe anaambiwa alete ushahidi.

Kwa hiyo mnapouliza nini kilitufanya kuwa wamoja, ulizeni pia umoja huo unaishia kituo gani cha basi. Kwangu unaishia dirishani.

#24 Mstaafu wa Mbezi
Mwanangu, nimesoma mara mbili. Nilifanya kazi na Waha Lindi, walioletwa kukata mkonge. Walikuwa Watanganyika wakati sisi wengine bado tuko vijijini tunasubiri mtu aje kutuambia Tanganyika ni nini. Mliokuja na hoja ya hesabu na hoja ya lugha, nami niliyekuja na ya bweni, tumekuwa tukieleza watu waliokaa katikati. Mtu wa mpakani hakuna hoja yetu hata moja iliyomfikia. Ndugu Msoma Majalada, una lolote?

#25 Msoma Majalada
Mzee, mpaka wetu na Burundi ulichorwa na wakoloni juu ya watu waliokuwa wakioana. Waha na Warundi wanasikilizana lugha. Wamasai hali ni hiyo na Kenya, Wamakonde na Msumbiji. Tofauti ni kwamba Mmasai hashukiwi, na Mmakonde hashukiwi sana siku hizi. Vita vya upande wa pili vya miaka ya 1990 na wakimbizi waliojaa Kigoma ndivyo vilivyomweka Muha mahali hapo. Inaeleza, haihalalishi.

#26 Ngosha wa Ubungo
Mimi nabaki na hesabu zangu. Waha wangekuwa na kura za Mwanza wasingeulizwa habari za bibi.

#27 Mjumbe Manzese
Mwana Kasulu, tuachane na nadharia. Nimekaa serikali ya mtaa, kesi kama yako nimeziona. Usirudi pale mikono mitupu. Beba cheti chako cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha kumaliza darasa la saba kinachoonyesha shule ya Kasulu, barua ya mtaa wako, na kiapo cha kuzaliwa cha mzazi kilichothibitishwa na wakili au hakimu. Kama baba ana karatasi yoyote ya mgambo, hiyo ni dhahabu. Wakikukatalia tena, omba wakuandikie ni nini kimepungua, usikubali jibu la mdomo. Barua ya mtaa njoo nikuandikie, hakuna hela.

#28 Mwana Kasulu
Nashukuru sana mjumbe. Karatasi za mgambo ziliungua na nyumba. Kuna cheti cha ubatizo cha babu kutoka misheni ya kule Kasulu, cha wakati Mbelgiji bado yuko upande wa pili, Burundi, kimeandikwa Kilatini na mhuri unaonekana. Wanapokea hicho?

#29 Mjumbe Manzese
Kibebe. Toa kopi mbili, zithibitishwe na wakili. Kile chenyewe waonyeshe tu, usikiache dirishani. Jumatatu saa mbili niko ofisini, njoo na picha mbili za pasipoti.